Upangaji matokeo katika kriketi: shabiki amwamini nani?

Julai 2016 Mohammad Amir wa Pakistan alirudi kurusha mpira Lord's, uwanja ule ule wa London ambako mwaka 2010, akiwa kijana wa miaka 18, aliuza mipira ya taifa lake. Mwaka mmoja baadaye, kwenye fainali ya Kombe la Mabingwa dhidi ya India, aliwatoa Rohit Sharma, Shikhar Dhawan na Virat Kohli, na Pakistan nzima ikamwimba. Nahodha wake wa siku ile ya Lord's, Salman Butt, alimaliza adhabu yake lakini hakuichezea tena timu ya taifa.

Nchini India, mrushaji S. Sreesanth, aliyekamatwa kwa tuhuma za upangaji matokeo, aliachiwa na mahakama ya Delhi mwaka 2015, lakini chama cha kriketi kiliendelea kumfungia, na hakuruhusiwa kucheza hadi mwaka 2020. Mohammad Azharuddin, nahodha aliyefungiwa maisha mwaka 2000, aliingia bungeni mwaka 2009. Mahakama Kuu ya Andhra Pradesh iliitengua adhabu yake mwaka 2012, na mwaka 2019 akachaguliwa rais wa chama cha kriketi cha Hyderabad. Hansie Cronje, nahodha wa Afrika Kusini, alikiri kwa kinywa chake kwamba alipokea fedha, lakini mwaka 2004 kura ya televisheni ya nchi yake ilimweka nafasi ya 11 katika orodha ya Waafrika Kusini wakuu wa nyakati zote.

Shabiki anayefuatilia haya lazima achanganyikiwe. Nani ana hatia, nani amesamehewa, na nani hakuwahi kukosa? Kuna wanaosema wahusika wote wafukuzwe daima, wanaotaka polisi na jela, wanaodai dawa ni kuhalalisha kamari, na wanaosema walipwe vizuri mambo yataisha. Kila upande una hoja zake. Lakini iko kasoro moja ambayo pande zote zinaipita haraka, nayo ndiyo iliyomvunja moyo shabiki kuliko wizi wenyewe.

Kwa nini kriketi?

Kupanga mechi ya soka kunahitaji watu kadhaa: kipa, mabeki, pengine na mwamuzi. Kriketi imejengwa kwa vipande vidogo vinavyohesabika kimoja kimoja. Ova moja ni mipira sita. Mechi ya siku moja ina mipira 300 kwa kila timu, na ya ova 20 ina mipira 120. Kila mpira ni tukio linalojitegemea, linalosimamiwa na mrushaji mmoja na mpigaji mmoja, na kila tukio linaweza kuwekewa dau. Watu hubeti mikimbio itakayopatikana katika ova kumi za mwanzo, mpigaji fulani atafikisha ngapi kabla ya kutoka, hata nani atashinda shilingi ya kurushwa. Mchezaji mmoja anaweza kuuza kipande chake bila mwenzake yeyote kujua, na timu yake ikashinda vilevile.

Tazama kilichotokea Lord's Agosti 2010. Wakala Mazhar Majeed alipokea pauni 150,000 kutoka kwa mwandishi wa gazeti la News of the World aliyejifanya mfanyabiashara, akamtajia mapema ova na mpira ambapo wachezaji wake wangerusha mpira batili, yaani mrushaji avuke mstari kwa mguu wa mbele. Iliahidiwa kwamba Amir angevuka kwenye mpira wa kwanza wa ova ya tatu, naye akavuka, tena kwa hatua kubwa kiasi kwamba watangazaji walishangaa. Mwenzake Mohammad Asif alifanya zamu yake katika ova ya kumi. Mpira batili mmoja huipa timu pinzani mkimbio mmoja tu. Kwa ubao wa matokeo, hilo ni jambo dogo mno.

Tazama pia upande wa pili. Machi 2000, mjini Nagpur, India, mpigaji wa Afrika Kusini Herschelle Gibbs aliahidiwa dola 15,000 atoke kabla ya kufikisha mikimbio 20, na mrushaji mwenzake Henry Williams atoe mikimbio zaidi ya 50 katika ova zake kumi. Walikubali. Kisha Gibbs akaingia uwanjani, akapata 74 kwa mipira 53, na Williams akaumia bega katika ova yake ya pili. Mpango wote ukavurugika, na mtazamaji hakujua kwamba kulikuwa na mpango. Mechi iliyopangwa na mechi safi haziwezi kutofautishwa kwa macho. Hapo ndipo shabiki anapoibiwa: anachukuliwa ile haki ya kushangaa. Mpigaji mahiri akikosea mpira mwepesi, zamani tulisema ndiyo kriketi hiyo. Sasa tunatazamana.

Fedha nazo zina historia yake. India ndilo soko kubwa kuliko yote la kriketi, na sheria yake kuu ya kamari ilitungwa na Waingereza mwaka 1867. Mbio za farasi ziliachwa zikawa halali, lakini kubeti kriketi kukabaki gizani, mikononi mwa wapokea dau wa simu wanaofanya kazi kwa kuaminiana bila risiti wala akaunti. Televisheni za setilaiti zilipoleta mechi za Sharjah, Toronto na Singapore katika kila sebule miaka ya 1990, soko hilo lilipata bidhaa ya kila wiki. Mpokea dau anayejua mapema kitakachotokea kwenye mpira mmoja ana faida isiyo na hatari. Kumpa mchezaji dola elfu kadhaa ni gharama ndogo kwake.

Jeraha la Nairobi

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si habari za mbali. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, katika Kombe la Dunia, Kenya ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikaitoa West Indies kwa 93. Nahodha alikuwa Maurice Odumbe, naye ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mechi kwa wiketi tatu alizochukua. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia chini ya Steve Tikolo, na njiani iliishinda Sri Lanka jijini Nairobi kwa wiketi tano za Collins Obuya.

Agosti 2004, baada ya uchunguzi ulioongozwa na jaji mstaafu wa Zimbabwe, Ahmed Ebrahim, Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha kutoka kwa wapokea dau. Yeye alikana, na ameendelea kukana. Alirudi uwanjani mwaka 2009, akiwa amekwishapita ubora wake. Kuporomoka kwa kriketi ya Kenya kulikuwa na sababu nyingi, zikiwamo ugomvi wa viongozi na ukosefu wa fedha, hadi nchi ikapoteza hadhi ya mechi za siku moja za kimataifa mwaka 2014. Lakini kesi ile ilikuja wakati mbaya kuliko wote. Mchezo ulikuwa umeanza kutoka katika klabu za wachache na kuingia katika mazungumzo ya mtaani, na shujaa wa Pune ndiye aliyekuwa uso wake.

Afungiwe maisha

Msimamo wa kwanza ni mkali na unaeleweka upesi. Aliyeuza mchezo asirudi. Nguvu yake ni uwazi wa onyo: chipukizi anajua kwamba kosa moja ni mwisho wa kazi. Wafuasi wake wanauliza swali zito kuhusu Amir: yule mrushaji mwaminifu aliyekosa nafasi ya timu ya taifa kwa sababu Amir amerudishwa, yeye alikosa nini?

Udhaifu wake unaonekana kwenye utekelezaji. Adhabu za maisha zimekuwa zikifutwa mahakamani mara kwa mara kwa sababu vyama vilizitoa bila kufuata utaratibu wala kupima uzito wa kosa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya India ilikubali kwamba Sreesanth alikuwa na kesi ya kinidhamu, lakini ikaiamuru bodi ifikirie upya ukubwa wa adhabu. Ikabaki miaka saba. Adhabu inayotangazwa kuwa ya milele kisha ikakatwa inamfundisha shabiki kwamba hakuna aliyekuwa na uhakika.

Tena si haki kumweka kijana wa miaka 18 aliyeamriwa na nahodha wake kwenye kapu moja na nahodha huyo. Baraza la kriketi ya kimataifa, ICC, liliona hivyo: Butt alipewa miaka kumi, mitano kati yake ikiahirishwa, Asif saba, miwili ikiahirishwa, na Amir mitano. Nakubaliana na mpangilio huo. Nahodha na kocha wana madaraka juu ya wengine, na hao ndio ningewafungia maisha bila kusita. Heath Streak, shujaa wa Zimbabwe aliyekuja kuwa kocha, alifungiwa miaka minane mwaka 2021 kwa kutoa taarifa za ndani na kuwakutanisha wachezaji na mtu wa kamari. Kwa kocha, miaka minane naiona michache.

Polisi na jela

Msimamo wa pili unasema huu ni wizi, na wizi ni kazi ya polisi. Hoja yake kubwa ni zana. Chama cha michezo hakiwezi kunasa simu, kupekua nyumba wala kufuatilia akaunti za benki. Polisi wanaweza. Novemba 2011 mahakama ya Southwark, London, ilimhukumu Butt kifungo cha miezi 30, Asif mwaka mmoja, Amir miezi sita, na Majeed miaka miwili na miezi minane. Mwaka 2019 Gulam Bodi wa Afrika Kusini alifungwa miaka mitano kwa kujaribu kupanga mechi za ligi ya nyumbani ya ova 20, chini ya sheria ya rushwa iliyotungwa baada ya aibu ya Cronje. Mwaka huo huo Sri Lanka ilipitisha sheria ya makosa ya michezo yenye kifungo cha hadi miaka kumi.

Lakini msimamo huu unakwamia pale pale penye soko kubwa. India haina sheria inayotaja upangaji matokeo kuwa jinai. Januari 2022 Mahakama Kuu ya Karnataka iliamua kwamba mchezaji anayepanga mechi anaweza kuwa amekosa nidhamu na maadili, lakini hajatenda kosa la utapeli kwa mujibu wa kanuni ya adhabu, hivyo ni kazi ya bodi ya kriketi kumwajibisha. Kwa pengo hilo hilo la sheria, Sreesanth na wenzake wawili wa timu ya Rajasthan Royals, waliokamatwa Mei 2013 kwa vishindo mbele ya kamera, walitoka mahakamani huru miaka miwili baadaye. Kwa shabiki wa kawaida, mahakama imewasafisha. Kwa mwanasheria, mahakama imesema haina kifungu cha kuwashtaki. Tofauti hiyo ni kubwa, na hakuna aliyejishughulisha kuwaeleza watu.

Jela ina gharama nyingine. Wanaofungwa mara nyingi ni wachezaji. Mervyn Westfield, kijana wa Essex aliyepokea pauni 6,000 kuharibu ova moja, alifungwa miezi minne mwaka 2012. Danish Kaneria, mchezaji mwenzake mkubwa aliyemvuta kwenye shimo hilo, alifungiwa maisha na bodi ya kriketi ya Uingereza lakini hakuingia gerezani, akakana kwa miaka sita hadi alipokiri mwaka 2018. Na mpokea dau aliyekuwa nyuma yao hakufikishwa mahakamani katika kesi hiyo.

Kuhalalisha kamari

Mwaka 2016 kamati ya Jaji Lodha, iliyoundwa na Mahakama ya Juu ya India, ilipendekeza kubeti kriketi kuruhusiwe chini ya udhibiti. Tume ya Sheria ya nchi hiyo ikasema jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2018. Hoja yao ni ya maana: dau likiwekwa katika kampuni yenye leseni, linaacha nyayo. Mtu akiweka fedha nyingi ghafla juu ya mpira batili katika ova ya tatu, mfumo unapiga kengele. Gizani hakuna kengele.

Hata hivyo uhalali haujawahi kuwa kinga. Uingereza imeruhusu maduka ya kamari tangu miaka ya 1960, na kesi za Westfield na Lord's zilitokea huko huko. Sisi tunao ushahidi wa nyumbani pia. Nchini Kenya na Tanzania kubeti soka ni halali, mikeka inatengenezwa kwenye simu usiku na mchana, na bado mwaka 2019 na 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wa Kenya na wengine waliokuwa wakicheza klabu ya Kakamega Homeboyz kwa kupanga mechi. Soko la giza linabaki kwa sababu halitozi kodi na linakopesha. Juu ya hapo, kuhalalisha kunaleta matangazo kwenye jezi na vijana wanaokula ada zao za shule kwenye dau. Anayependekeza njia hii ana wajibu wa kuuhesabu mzigo huo pia. Mimi naiona kuwa msaada kwa mpelelezi, si dawa ya mchezo, na haifai kuuzwa kwa watu kama dawa.

Walipwe vizuri

Hoja ya nne ina huruma ndani yake, na katika nchi ndogo ina ukweli mwingi. Brendan Taylor, nahodha wa zamani wa Zimbabwe, alieleza mwaka 2022 kwamba alipokwenda India kukutana na mfanyabiashara mwaka 2019, chama chake hakikuwa kimewalipa wachezaji kwa miezi sita. Alipewa kokeini kwenye hafla, asubuhi akaonyeshwa video yake, akapokea dola 15,000 kwa woga. Anasema hakupanga mechi yoyote. Alichukua miezi minne kuripoti, akafungiwa miaka mitatu na nusu. Mchezaji asiye na mshahara ni rahisi kualikwa, na aliyealikwa ni rahisi kunaswa. Chama kinachochelewesha mishahara kinamfanyia kazi mpokea dau bila kujua.

Ila hoja hii haiwafikii wakubwa. Cronje na Azharuddin walikuwa miongoni mwa waliolipwa vizuri kuliko wenzao. Shakib Al Hasan, mchezaji tajiri wa Bangladesh, alifungiwa mwaka 2019 kwa kutoripoti mara kadhaa alizofuatwa. Mshahara hupunguza shida ya aliye chini. Tamaa na kiburi cha aliye juu, kile cha kuamini kwamba yeye ni mkubwa kuliko sheria, haviguswi na mshahara.

Kinachopitwa haraka

Ukizipanga kashfa hizi mstari mmoja, swali la kuuliza ni nani aliyezifichua. Mazungumzo ya Cronje na mpokea dau Sanjay Chawla yalinaswa na polisi wa Delhi waliokuwa wakipeleleza kesi nyingine ya vitisho vya fedha. Lord's ilifichuliwa na gazeti. Rajasthan Royals, polisi tena. Ni mara chache mno chama chenyewe kimekuwa cha kwanza kumwambia shabiki, hata baada ya ICC kuunda kitengo chake cha kupambana na rushwa mwaka 2000.

Vibaya zaidi, viongozi wamewahi kujua wakanyamaza. Mwaka 1995 bodi ya Australia iliwatoza faini Mark Waugh na Shane Warne kwa kupokea fedha kutoka kwa mpokea dau aliyejiita John, waliyempa taarifa za hali ya hewa na uwanja. Bodi ikaficha faini hiyo kwa zaidi ya miaka mitatu, hadi waandishi walipoitoa Desemba 1998. Katikati ya muda huo wachezaji hao hao walikuwa wakimtuhumu Salim Malik wa Pakistan kujaribu kuwahonga, na Waugh alitoa ushahidi mbele ya uchunguzi wa Pakistan bila wachunguzi kuambiwa habari ya faini. Mwaka 2014 kamati ya Jaji Mudgal iliwasilisha kwa Mahakama ya Juu ya India bahasha iliyofungwa yenye majina 13. Ni machache tu yaliyosomwa hadharani baadaye. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kriketi imekuwa ikificha kwa miaka 30 huku ikiomba iaminiwe.

Fikiria mechi ya Centurion, Januari 2000. Mvua ilikuwa imekula siku tatu za mechi ya siku tano kati ya Afrika Kusini na Uingereza. Sare ilikuwa dhahiri. Cronje akapendekeza kila timu iachie zamu moja ya kupiga ili mechi ipate mshindi, Uingereza ikakubali, ikafukuzia mikimbio 249 na kushinda ikiwa imebaki na wiketi mbili. Watu walimsifu kwa moyo wa kimichezo. Ilipokuja kujulikana kwamba mtu wa kamari aliyetaka mechi isiishie sare alikuwa amempa randi 53,000 na koti la ngozi, walioumia zaidi ni wale waliomsifu. Tangu hapo uungwana wenyewe ukawa jambo la kutiliwa shaka.

Kwa hiyo nikizipima njia nne, ningechukua kitu kutoka kila moja: adhabu ya maisha kwa nahodha na kocha, sheria ya jinai inayotaja kosa kwa jina hasa India, mishahara inayolipwa kwa tarehe, na kamari halali pale tu penye chombo cha udhibiti chenye meno. Lakini hakuna hata moja itakayorudisha imani iwapo shabiki ataendelea kuambiwa mwisho, na kuambiwa nusu. Hukumu za ICC dhidi ya waliopatikana na hatia siku hizi huchapishwa zikiwa na maelezo, na hilo ni jema. Yanayobaki gizani ni uchunguzi uliofungwa bila hukumu. Mwaka 2021 ICC ilitangaza kwamba haina ushahidi wa kutosha kuwashtaki waliotajwa katika makala ya Al Jazeera ya mwaka 2018 kuhusu upangaji matokeo. Huenda ni kweli kabisa. Shabiki angependa kuona ilivyofikia hapo.

Wapo wanaopinga uwazi huu kwa hofu ya kuwachafua wasio na hatia, na hofu hiyo ina msingi, maana jina likishatajwa halisafishiki. Lakini tukio linaweza kuchapishwa bila jina. Wakati wa Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024, vyombo vya habari viliripoti kwamba mchezaji wa Uganda alifuatwa kwa simu na mchezaji wa zamani wa kimataifa wa Kenya walipokuwa Guyana, naye akaripoti mara moja. Hii ilikuwa habari njema kabisa: timu iliyoshiriki mashindano hayo kwa mara ya kwanza, kijana akafanya alichofundishwa. Ilitufikia kupitia vyanzo visivyotajwa. ICC ingeweza kuitangaza yenyewe siku ile ile, bila kumtaja aliyefuatwa: tulipokea taarifa, tumeonya timu zote, tunachunguza. Na mchunguzi akimaliza, aseme alichokikuta, hata kama ni kwamba hakukuta kitu.